Mguu wa Kulia wa Jacktone

Watu wa kwetu Ndhiwa wanamjua Jacktone kwa mguu wake wa kulia. Ukiketi naye kwenye benchi mbele ya duka, lori likapita likielekea Rodi, utauona ule mguu ukiinuka na kukanyaga ardhi mara tatu kwa haraka, kisha unabaki umebana chini hadi lori lipotee. Uso wake haubadiliki. Anaendelea kuzungumza juu ya mahindi au mvua. Kandambili yake ya kulia hutoboka wakati ya kushoto bado ni mpya, na mama muuza viatu sokoni amezoea kumwuliza, "Jacktone, leo nikupe mbili za kulia?"

Jacktone ni mdogo wa marehemu mume wangu, Cephas. Ninaandika habari zake kwa sababu waliozisema kabla yangu walizisema vibaya, na kwa sababu jina lake na jina la nyumba yangu ni jina moja.

Baba yao alikuwa karani wa kiwanda cha pamba Homa Bay, na aliacha ng'ombe wachache, shamba lililokatwa na mto, na gari moja la Kifaransa la miaka ya sitini, lile refu lenye viti vya safu tatu. Cephas, mkubwa, alirithi gari. Jacktone alirithi kazi ya kuliendesha. Hakuna aliyeliona jambo hilo kuwa la ajabu. Cephas alikuwa mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu wa zamani zile hakuketi mbele kama kondakta. Aliketi nyuma, upande wa kushoto, kofia ikiwa magotini, na Jacktone alishika usukani. Kijana huyo alikuwa na mkono mwepesi. Angeweza kulipitisha gari lile kwenye matope ya Aprili bila kumrushia mtu tope, na wanawake waliotoka sokoni walimsifu kwa hilo zaidi ya walivyomsifu kasisi.

Alikunywa pombe ujanani, kisha akaacha. Kuacha kwake hakukusikika kama kunywa kwake kulivyosikika.

Mume wangu naye alikuwa na tabia moja ambayo lazima niitaje. Mama yake alitoka kwa wavuvi wa ufukweni, na alimfundisha kusuka nyavu kabla hajafundishwa kusoma. Katika mfuko wa koti lake kulikuwa na uzi wa nailoni wa kijani, ule wa nyavu. Mkono wa miwani ukivunjika, aliufunga kwa uzi huo. Antena ya redio, lango, mpini wa jembe, vyote vilikuwa na fundo lake, dogo, bapa, lenye mkia mfupi uliochomwa kwa kiberiti. Hakupenda mafundi. Alisema fundi huingia kwako na tatizo moja na kutoka ameacha matatu.

Alikufa mwaka ule uchaguzi uliporudiwa. Jacktone alikuwa akimrudisha kutoka kwenye mkutano Homa Bay, na walikuwa wamepita nyumbani wakielekea kwanza shamba la ng'ambo ya mto. Ukipita nyumbani kwetu kuna mteremko mrefu unaoshuka hadi daraja la mto, na siku hiyo ilikuwa siku ya soko, daraja limejaa watu na mifugo. Katikati ya mteremko breki zilikataa. Jacktone alivuta hendibreki, nayo ikakataa. Alipowaona wale watu mbele yake, akaligeuza gari kwenye ukingo wa udongo. Ukingo uliligonga gari upande wa kushoto, nyuma.

Mkaguzi wa magari alikuja, akaandika kwamba mafuta ya breki yalikuwa yamevuja na gari lilikuwa kuukuu. Lakini watu hawasomi alichoandika mkaguzi. Walisema Jacktone alinukia chang'aa. Aliyesema kwanza hakujulikana, na kufikia siku ya mazishi kila mtu alikuwa amesema. Jacktone alisimama kando ya kaburi na bandeji kichwani, wala hakujitetea. Niliuona mguu wake ukikanyaga udongo mpya, mara tatu, mara tatu.

Gari lilirudishwa nyumbani, likawekwa kwenye banda nyuma ya jiko. Ken, mwanangu, alinyoosha bodi baadaye, kwa heshima ya baba yake, lakini chini hakuna aliyegusa. Nililifunika kwa turubai. Nilifundisha baiolojia katika shule ya upili hadi nilipostaafu, na siamini kila kinachosemwa jikoni. Hata hivyo, nyumba yetu ilianza kuwa na sauti. Tukirudi kutoka ibada ya Sabato, msichana wa kazi alikuwa akiniambia kwamba gari limelia tena: sauti ya springi, kama ya pedali inayokanyagwa na kuachiwa, kukanyagwa na kuachiwa. Nilimwambia ni panya. Siku moja niliugua nikabaki nyumbani, nikaisikia mwenyewe kupitia ukuta wa jiko. Sikwenda kutazama. Nilisema moyoni kwamba ni panya, kisha nikawasha redio.

Na kulikuwa na jioni za nyawawa. Wageni hawajui: ni pepo wanaotoka ziwani na kupita juu ya vijiji, na sauti yao ikisikika kila nyumba hutoka na kupiga sufuria na mabati ili wapite wasiingie. Sisi Waadventista hatupigi, au tunapiga polepole. Lakini Jacktone, ambaye si wa kanisa lolote siku hizi, alikaa mlangoni kwake mikono mitupu, kijiji kizima kikitoa mlio wa bati. Jirani alimuuliza kwa nini hapigi. Akasema, "Nimfukuze ndugu yangu, halafu nimtafute wapi?"

Maneno hayo yalizunguka kijiji kwa wiki nzima. Niliyachukia. Mtu aliyelala vizuri kaburini hafukuzwi wala hatafutwi, na sikutaka isemwe kwamba Cephas analala vibaya.

Basi mwaka jana Ken alikuja kutoka Migori na mkewe, Joyline, na mtoto wao wa kwanza, akaniambia anataka kuanzisha boma lake. Kwetu tunaita goyo dala. Mwana hatoki tu kwa baba yake akajenga. Huongozwa alfajiri na baba yake hadi kwenye uwanja mtupu, mwana ameshika shoka, mtoto wake ameshika jogoo, mke amebeba moto kutoka jiko la mama mkwe. Baba akiwa hayupo, ndugu ya baba ndiye huongoza. Bila hivyo boma halisimami, na mdogo wake Ken naye hawezi kujenga, wala wanaomfuata. Ukoo ulikuwa umekwisha kukubali kwamba mimi sitarithiwa kwa sababu ya dini yangu. Hili la kuongozwa hawakuwa tayari kulisamehe.

Ndugu wa pekee wa Cephas ni Jacktone. Na shamba lililobaki liko ng'ambo ya mto.

Tangu ajali Jacktone hakuwahi kuvuka daraja lile. Akiwa na shida Ndhiwa mjini alizunguka kwa njia ya juu, safari ya nusu siku. Tulimwita chini ya ukumbi wa nyumba yangu. Ken alimweleza kwa adabu. Jacktone alisikiliza, mguu wake umetulia.

"Nitakuongoza," alisema. "Lakini sitashuka pale kwa miguu, wala kwa pikipiki. Nitashuka na gari la baba yako, kama nilivyokuwa nikishuka."

"Baba Mdogo, gari lile limekufa."

"Nilimwacha katikati ya mteremko, Ken. Siwezi kupita hapo nikiongoza shoka na jogoo kana kwamba sikumwacha."

Ken alinitazama. Nilitaka kusema hapana. Lakini Joyline alikuwa na mimba kubwa, wanalipa kodi ya nyumba Migori kama watu wasio na kwao, na sikuona njia nyingine. Nikasema, "Kama ni hivyo, hatutarekebisha breki zile. Zitatolewa zote, ziwekwe nyingine."

Gari lilipakiwa kwenye lori hadi Suna, kwa fundi aitwaye Gisiri, Mkuria wa Kehancha. Ni mtu wa kelele na majivuno. Karakana yake ina picha yake mwenyewe ukutani, amesimama kando ya basi. Nilikwenda na Ken siku alipoanza kufungua, kwa sababu sikutaka gari la Cephas lifunguliwe bila mtu wa nyumbani.

"Mwalimu, hii gari ni ya wakati barabara ilikuwa ya ng'ombe," Gisiri alisema kutoka chini ya gari. "Na ninyi Wajaluo mnapiga rangi kwanza, breki mtaona baadaye. Sikia. Hapa kuna chumba kimoja tu cha mafuta. Paipu ikitoboka mahali popote, magurudumu yote manne yanakosa. Mimi nitaweka masta silinda ya vyumba viwili: mbele peke yake, nyuma peke yake. Moja ikikufa, nyingine inakushika. Mbele nitatoa dramu niweke diski. Na hapa nitaweka buusta, ile ya mviringo kama sufuria, isaidie mguu. Ukigusa tu, inashika."

"Itashika kwenye mteremko?" niliuliza.

"Mama, itashika hata kama umebeba kanisa."

Kisha akatoka chini ya gari, akiwa anajifuta mikono. "Ila kuna kitu sielewi. Hii gari imejaa vumbi kila mahali. Kwa dashibodi, kwa usukani, kwa viti. Lakini pedali ya breki inang'aa. Nani anaikanyaga?"

Ken alicheka akidhani ni mzaha. Mimi nilikaa kwenye tairi kuukuu lililokuwa karibu. Nilifikiri juu ya Sabato zote zile tukiwa kanisani, na juu ya mtu mmoja tu wa boma letu asiyekwenda kanisani. Panya wangu alikuwa na kandambili iliyotoboka.

Ken alitoka nje kupokea simu. Gisiri alirudi chini. Nilimsikia akikata vyuma, akipiga mluzi, halafu mluzi ukakatika. Alinyoosha mkono kutoka chini ya gari na kuniwekea kitu karibu na kiatu changu.

Kilikuwa kipande cha paipu ya breki, nyembamba kama penseli, ile inayokwenda gurudumu la nyuma. Ilikuwa imekunjwa mwishoni, ikapigwa bapa kwa nyundo, ikapakwa gundi na kufungwa. Gundi ilikuwa imepasuka. Juu yake ulizungushwa uzi wa kijani, kwa fundo dogo, bapa, lenye mkia mfupi uliochomwa.

"Wengi hufanya hivi," Gisiri alisema, safari hii kwa sauti ndogo. "Gurudumu likivuja mafuta ya breki, unaziba njia yake, unatembea na yale mengine mpaka upate spea. Lakini ni ya kukufikisha nyumbani tu. Hii imekaa. Na breki shuu za nyuma zimelowa mafuta, ndiyo maana hata hendibreki haikushika." Akanitazama. "Fundi gani anafunga na uzi wa samaki?"

Nilikiweka kile kipande kwenye mkoba wangu. Ken sikumwambia.

Nilimkuta Jacktone akipalilia. Nilitoa paipu nikaiweka kwenye kiganja changu. Aliitazama jinsi mtu anavyomtazama ndugu aliyerudi.

"Ulijua," nilisema.

"Nilimshikia tochi alipokuwa akifunga."

"Na ukaendesha."

"Alisema itafika Krismasi. Ndugu yangu hakuwahi kufunga kitu kikafunguka." Alisimika jembe. "Nikatia ufunguo, nikaendesha."

"Miaka yote hii wanakuita mlevi aliyemuua ndugu yake. Kwa nini hukusema?"

Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha, akaniita binti wa kwetu nilikozaliwa. "Nyar Karachuonyo, wewe umesoma, lakini hujui watu. Mlevi husamehewa. Kila boma lina wake. Lakini mwalimu mkuu aliyefunga breki kwa uzi wa nyavu? Atachekwa hadi wajukuu wake waote mvi. Watoto wangeuimba shuleni kwake. Tupa hicho kitu chooni."

"Anakuja kwako?" niliuliza. Sikujua kwamba nitauliza hivyo.

"Haji. Yuko tu. Ninasikia akiniambia, 'Jacktone, polepole.' Hivyo tu, kama alivyosema siku ile. Hakupiga kelele. Aliniambia polepole, kama vile mimi ndiye ninayekimbia." Mguu wake ukakanyaga matuta ya mahindi. "Tupa chooni, nakuomba."

Sikutupa. Lakini pia sikuwa na nia ya kumwonyesha mtu. Nilikifunga kwenye leso na kukiweka chini ya Biblia, nikajiambia kwamba Jacktone amechagua mzigo wake na si kazi yangu kumtua. Jina la Cephas limechongwa kwenye ukuta wa ukumbi wa shule. Nililipita kila nilipokwenda sokoni.

Wiki ya mwisho kabla ya siku ya Ken, wazee walikuja kutupa baraka, kama desturi. Msemaji wao alikuwa Mzee Omanga, binamu ya baba mkwe wangu, mtu mwenye sauti tamu na ulimi mkavu. Alikula, akanawa mikono, kisha akasema kwamba wamefikiri tena.

"Mkono uliomwaga damu ya ndugu hauwezi kuongoza boma. Hata moto utakataa kuwaka. Tunamheshimu Jacktone, lakini Ken angoje mtu mwingine wa ukoo."

"Mtu gani?" Ken aliuliza. "Baba hakuwa na ndugu mwingine."

"Basi angoje."

"Nangoja nini, Mzee? Baba yangu azaliwe tena?"

"Angoje," Omanga alirudia, akiwa hamtazami.

Joyline aliinamisha kichwa. Jacktone alikuwa ameketi karibu na mlango. Alichukua kofia yake akasimama aondoke, kama alivyosimama kando ya kaburi, na nilijua kwamba akitoka mlango ule hatarudi, na Ken hatakuwa na boma, na uongo ule utakaa juu ya wana wangu wote kama paa.

"Jacktone, kaa," nilisema.

Aliona nikienda chumbani. "Mwalimu," alisema. Hakuwahi kuniita hivyo kabla wala baada ya siku ile. "Mwalimu, acha."

Niliweka paipu mezani, kati ya mifupa ya samaki. Sikuhutubu. Nilieleza gurudumu lililovuja, paipu iliyozibwa, breki shuu zilizolowa. Nilisema, "Fundo hili mnalijua. Mzee Omanga, mpini wa fimbo yako una fundo kama hili. Nani alikufungia?"

Omanga alitazama fimbo yake. Kila mtu aliitazama fimbo ile. Mzee mmoja nyuma alianza kucheka, si kwa ubaya, kicheko kilimponyoka tu puani, naye akajifunika mdomo. Nilikisikia kikipita chumbani, na nilikiacha kipite. Nilikaa wima.

"Cephas," Omanga alisema mwishowe. "Na uzi wa nyavu. Ee, Cephas."

Alivua kofia, akaiweka gotini. Hakusema kwamba wamekubali. Aligeuka tu kumwuliza Jacktone kama jogoo amepatikana. Jacktone alikuwa amekwisha kutoka.

Hakuzungumza nami siku zilizofuata. Gari lilirudi kutoka Suna, na Gisiri mwenyewe akiliendesha, akipiga honi kijiji kizima. Alimpa Jacktone ufunguo na kumwonya: "Usipampu kama zamani. Gusa tu." Jacktone aliupokea kwa mikono miwili, akaingia kwake na kufunga mlango.

Alfajiri ya siku yenyewe nilitoka na makaa kwenye chungu kwa ajili ya Joyline, nikiwa sijui kama tutakwenda. Jacktone alikuwa tayari ndani ya gari, ameshika usukani, amevaa koti ambalo halijavaliwa tangu mazishi. Niliketi mbele, kando yake. Ken na mkewe na mtoto wao aliyemshika jogoo walibanana nyuma, upande wa kulia na katikati. Upande wa kushoto ulibaki wazi. Hakuna aliyewaambia wauache.

Mwanzo wa mteremko, mguu wake ulisahau maonyo ya Gisiri. Ulikanyaga mara tatu, kwa nguvu, na gari likasimama hivi kwamba sote tulirushwa mbele na jogoo akapiga kelele. Joyline aliangua kicheko cha hofu. Jacktone aliachia, tukashuka polepole, hadi mahali ukingo una kovu jekundu ambalo nyasi hazijalifunika. Hapo aligusa mara moja. Gari likasimama kwenye mteremko kama ng'ombe aliyefika nyumbani.

Alishuka. Alizunguka nyuma ya gari, akafungua mlango wa nyuma wa kushoto, akausimamia, kama alivyokuwa akimfungulia mwalimu mkuu.

"Wadhi," alisema kwa Kijaluo. Twende.

Alingoja. Chini yetu mto ulikuwa ukisikika. Kisha akaufunga mlango taratibu, kwa mikono miwili, akarudi usukanini. Mimi sisemi kwamba kiti kilibonyea. Ninasema tu kwamba Joyline alisogea kidogo kupisha, na alipoona ninamtazama hakurudi alipokuwa.

Tulivuka daraja. Jacktone alimwongoza Ken uwanjani, shoka likafuata, jogoo akafuata, na moto wangu ukawaka kwa pumzi ya kwanza. Kufikia jioni kibanda cha kwanza kilikuwa kimesimama.

Watu wanacheka, ndiyo. Pale shuleni kitu kikikatika utasikia mtu akisema kiletewe uzi wa mwalimu mkuu. Ninapita na mkoba wangu.

Mwezi uliopita nilikuwa nimeketi na Jacktone mbele ya boma jipya, yeye akimenya muwa. Ng'ambo ya mto lori la mchanga lilianza kushuka mteremko. Nilitazama mguu wake wa kulia. Ulikuwa umelala kwenye nyasi. Lori likazidi kuja, injini ikinguruma, na nikahisi ardhi ngumu chini ya kiatu changu, mara moja, mara mbili, mara tatu.

Jacktone aliona. Alinipa kipande cha muwa.

"Gusa tu, Nyar Karachuonyo," alisema. "Siku hizi inashika."